Dari ya Kubeba Mbegu

Joto la Garsen halina adabu. Mimi Teresia nimezaliwa kando ya mto huu, na nimewashonea watu nguo mjini hapa tangu cherehani yangu ikiwa bado na rangi yake, kwa hiyo jua nalijua. Lakini nyumba ya mabati, kuta mabati na paa mabati, saa nane mchana? Hiyo ni kesi nyingine. Ukiingia mbichi unatoka umeiva. Ndiyo maana Mama alipokuja mara ya kwanza kujaribu kukaa na mimi, alivumilia siku chache tu, akafunga leso yake na kurudi mtoni.

"Mwanangu," aliniambia akipanda bodaboda, "mimi si samaki wa kukaushwa."

Sasa tuelewane. Mtoni ni kijijini kwetu, huko chini kwenye tope jeusi zuri la mpunga, ndizi na mahindi, ambako mafuriko yakija hupita katikati ya nyumba bila kupiga hodi. Yale ya mwisho yalimkuta Mama ndani. Alipanda juu ya uchaga, lile jukwaa la miti juu ya jiko tunakowekea mbegu ili moshi uzilinde na wadudu, akakaa huko na vibuyu vyake, maji yakila udongo wa kuta chini yake, mpaka watu wa mtumbwi wakamtoa. Nyumba ikaanguka nyuma yao. Na mama yangu, Mungu ampe maisha, akajenga tena palepale!

Tangu siku hiyo, masika ikikaribia mimi silali vizuri. Wingu likisimama upande wa juu, natoka nje kulitazama. Sikuwa na haja nyingine duniani ila moja: Mama ahame kule kabla mto haujarudi kumchukua.

Basi mwaka huu nikasema imetosha. Nitaivika nyumba yangu kwa ndani, kuta na dari, ipoe, ipendeze, akose kisingizio. Ndugu yangu Jasper, ambaye anakaa Mombasa na anajua kila kitu kwa simu, akaanza kunitumia picha.

"Dada, weka dari ya jipsamu," akasema. "Nyeupe, laini, taa zinaingia ndani kwa ndani. Mama akiona hiyo harudi tena kwenye matope."

Nikaenda dukani kwa Mohamed, karibu na steji. Mohamed ni mtu wa Madogo, alikuja Garsen na lori la simenti akaoa hapa hapa, na akikuuzia msumari lazima akupe na maelezo yake. Siku hiyo alinigongea bodi moja moja kwa kidole.

"Hii chipubodi ni maranda ya mbao yaliyogandishwa. Ikinywa maji inafura kama andazi, na haishuki tena. Hadibodi ni nyembamba, ukutani inakaa vizuri, lakini juu inalegea tumbo. Hii ya plastiki unaifuta kwa kitambaa, ila ikibanwa na mabati ya Garsen inapinda. Plaiwudi nene ina nguvu, lakini ni nzito, na mchwa wanaijua kwa jina. Jipsamu, hii ya unga mweupe uliogandishwa, inazuia joto, inanyamazisha mvua, ila haipendi maji wala haipendi mzigo." Akaniangalia. "Dada Teresia, kuna kitu utaweka juu ya dari?"

Nikacheka. "Nitaweka nini, Mohamed? Ng'ombe?"

"Nauliza tu. Ndiyo kazi yangu."

Ningalimjibu kwa akili siku hiyo, hadithi hii ingalikuwa fupi.

Fundi Elvis akaja na masikio yake yamezibwa na muziki. Kijana mzuri, mkono mwepesi, mdomo kama wangu. Kuta akazivika hadibodi, na chini, mpaka usawa wa goti, akaweka bodi ya simenti kama Mohamed alivyoagiza, kwa sababu maji ya hapa huwezi kuyaamini. Juu akatandaza jipsamu nyumba nzima. Katikati ya sebule akaacha kimlango cha mraba, cha kupitia mtu akitaka kurekebisha waya.

"Mathe, sasa hapa utadhani uko Nyali kwa matajiri wa Mombasa," akaniambia akifuta vumbi usoni.

Na kweli nyumba ilipoa. Mchana niliweza kukaa ndani na kushona bila jasho kudondokea kitambaa cha watu. Nikampigia Mama simu, nikamwambia aje aone.

Hapa lazima nikueleze jambo la kwetu. Mwanamke wa mtoni hahami kwa kitanda wala kwa sufuria. Anahama kwa mbegu. Unaweza kumwona amelala kwako mwaka mzima, lakini kama mbegu zake ziko kwingine, huyo anatembea tu, ipo siku atachukua leso yake aende. Siku anapopandisha mbegu zake juu ya nyumba yako, hapo amefika.

Kwa hiyo Mama aliposhuka kwenye bodaboda na vibuyu vimefungwa nyuma, gunia la mpunga wa mbegu mbele, na mahindi yaliyosukwa kwa maganda yake yakining'inia shingoni mwa dereva, nilitaka kupiga vigelegele hapohapo barabarani. Nilijikaza kwa sababu ya majirani.

Alizunguka nyumba akipapasa kuta. "Zimepoa," akasema. "Kweli zimepoa." Akatazama juu, akatabasamu. Nikaona kazi imekwisha. Nikamwachia chai, nikakimbia sokoni kumpelekea mteja sare ya mwanawe.

Niliporudi nikakuta ngazi aliyoiacha Elvis imesimama katikati ya sebule, na mama yangu, mwanamke wa miaka sabini na kitu, yuko juu yake. Kimlango kimefunguliwa. Vibuyu na mahindi vimeshapita. Gunia lilikuwa linamalizikia kuingia, analisukuma kwa kichwa.

"Mama! Unafanya nini huko?"

"Naweka mbegu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya furaha, jamani. "Hukuniambia kama umenijengea uchaga. Tena una kimlango!"

Nilifungua mdomo nimwambie. Jipsamu ikanitangulia. Ilianza kulia, kwa upole tu, kisha kipande kizima kikashuka na kila kitu chake: gunia, vibuyu, mahindi, na mpunga ukatumwagikia kama mvua ya mawe. Mama alishikilia ngazi. Alipofungua macho alikuwa mweupe kichwa mpaka kifua, nyusi nyeupe, amepigwa unga.

Hakuumia, Mungu mkubwa. Mimi, nilipoona hakuumia, hasira ikapanda. Nikampigia Elvis.

"Wewe Elvis! Umeniwekea biskuti juu ya kichwa!"

"Mathe, tulia. Imekuwaje?"

"Mbegu zimeanguka!"

"Mbegu? Zilifuata nini kwenye jipsamu? Mathe, ile ni ya urembo. Haibebi kitu, inajibeba yenyewe."

Simu yangu inapiga kelele, Mama alisikia yote. Alichukua ungo akapiga magoti, akaanza kupepeta mpunga atoe ule unga wa jipsamu, punje kwa punje, na mimi nikapiga magoti karibu yake. Vibuyu viwili vilikuwa vimepasuka. Alivishika vipande akavitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Nyumba nzuri, Teresia," akasema mwishowe. "Ya kupokelea wageni."

Maneno hayo yaliniingia kama sindano chini ya ukucha. Asubuhi alikuwa ameshafunga gunia lake. Nilisema, nilibembeleza, nilifoka. Aliondoka.

Haikupita muda redio ikaanza. Mvua kubwa huko milimani, mabwawa ya juu yamejaa, watu wa kingo za Tana wahamie sehemu za juu. Chifu akapita kijijini na kipaza sauti. Mimi nikaacha gauni la bibi harusi limekatwa nusu, nikapanda bodaboda kwenda mtoni, matope mpaka kwenye ekseli.

Nilimkuta Mama anapalilia, kama vile chifu alikuwa akiiambia migomba.

"Mama, mto unakuja."

"Najua. Nausikia kuliko hiyo redio yenu."

"Basi twende!"

"Nitapanda juu ya uchaga kama mwaka ule."

"Mwaka ule nyumba ilianguka! Mamba wanapita sebuleni wewe unakaa juu ya fito unalinda mpunga? Ati mpunga! Mpunga unauzwa dukani, Mama!"

Hapo akasimamisha jembe. Nilijua nimekosea kabla hajasema.

"Huu hauuzwi dukani," akasema taratibu. "Huu ulipandwa na nyanya yako, ukapandwa na mimi, ukakulisha wewe. Maji yanakaa juu yake na haufi. Ule wa dukani ukizama unaoza." Akafuta jasho. "Mimi sikatai kuja, mwanangu. Unadhani napenda kukaa juu ya fito? Lakini nikija kwako na mbegu zikibaki huku, huko mimi ni mgeni. Na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe mjini utanipa jembe gani?"

Nililia. Sioni aibu kusema. Nililia kwa hasira na kwa woga, nimesimama katikati ya migomba kama mtoto aliyenyimwa.

Mama akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Nionyeshe pa kuweka mbegu. Nikiona panabeba, nakuja."

"Haya," nikasema nikipenga kamasi. "Panda bodaboda. Tunakwenda dukani sasa hivi."

Mohamed alipotuona tunaingia, miguu matope, macho yangu mekundu, alisimama.

"Karibu Mama. Karibu Dada Teresia. Kuna habari?"

"Lile swali lako," nikamwambia. "La kuweka kitu juu ya dari. Niulize tena."

Ni muungwana, hakucheka. Aliuliza tena, na safari hii Mama ndiye aliyejibu, akamweleza gunia, vibuyu, mahindi, na uzito wa kila kimoja kwa mikono yake. Mohamed akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza yale maelezo yake ya chipubodi na hadibodi. Mama akamkatiza.

"Mwanangu, maneno ni mazuri. Hebu iweke chini nikae."

"Ukae kwenye kiti, Mama?"

"Nikae kwenye bodi. Kama hainibebi mimi, itabebaje mbegu?"

Nikafunika uso. Wateja wakageuka. Lakini Mohamed akaangalia bodi, akamwangalia Mama, na nikaona jambo limempendeza. Akaita wapakiaji wake walete matofali, wakayapanga pande mbili, wakalaza chipubodi juu yake. Mama akapandisha leso akakaa. Bodi ikashuka katikati mpaka makalio yakakaribia sakafu.

"Hii ni kitanda cha kamba," akasema. "Lete nyingine."

Hadibodi hakuikalia hata, aliibonyeza kwa kiganja akaisukuma pembeni. Ile ya plastiki akaigonga, akauliza kama ni ndoo. Jipsamu ilipoletwa akainua mkono. "Huyu tunajuana." Duka zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, nikasikia kifua kimelegea kidogo kwa mara ya kwanza tangu redio ianze.

Plaiwudi nene ilipowekwa, Mama akakaa. Ikatoa sauti ndogo, ikatulia. Akajitikisa. Ikatulia. Akavua viatu akasimama juu yake, nimemshika mkono, akapiga hatua mbili za ngoma ya harusi na watu wakapiga makofi.

"Hii," akasema.

Alikuwa ameshaamua, lakini Mohamed akatikisa kichwa. "Mama, hapa umekaa, matofali yako karibu karibu. Kule juu mbao za kushikilia ziko mbali. Bodi peke yake haitoshi. Mwite fundi."

Elvis akaja, akatoa vile vidude masikioni, kumbe anaweza. Akasema mbao mpya za kushikilia zitakaa karibu karibu kama hayo matofali, zipigwe kwenye nguzo wala zisining'inie kwenye paa, na plaiwudi ipakwe dawa ya mchwa pande zote. Mama akasema dawa haigusi upande wa mbegu. Wakabishana. Wakakubaliana mbegu zitandikiwe mkeka wa milala. Halafu Mama akataka moshi.

"Bibi, moshi ndani ya nyumba?" Elvis akashika kichwa.

"Mbegu bila moshi ni chakula cha wadudu."

Basi ikaamuliwa dari hiyo iwe ya chumba cha Mama, kile kinachopakana na jiko langu la makaa, na tundu liachwe juu ya ukuta ili moshi upitie huko ukiwa umeshapoa. Plaiwudi nene nyumba nzima nisingeweza, na haikuhitajika. Sebuleni Elvis aliziba lile shimo kwa jipsamu ileile, Jasper aendelee kupata picha zake.

Mama, aliyekuwa amerudi mtoni kuzifunga mbegu zake, alikuja siku kazi ilipokwisha. Alipanda ngazi mwenyewe, akakataa mkono wangu, akapanga gunia, vibuyu, mahindi. Dari ililia kidogo ikanyamaza. Nilikuwa chini nimeinua uso, nasubiri furaha inijae. Haikujaa. Nilikuwa natafuta kibuyu kimoja na sikukiona.

Kile kikubwa, chenye shingo iliyoshonwa kwa ukili. Ndani yake mna ule mpunga mwekundu wa nyanya yangu, na hakikupasuka kwa sababu hakikuja ile siku ya jipsamu. Sasa nikakumbuka hakikuja! Hata siku ile ya vigelegele, Mama alikuwa amekiacha mtoni.

"Mama, kibuyu cha Nyanya kiko wapi?"

Akajifanya anafunga kamba ya mahindi. "Kiko salama."

"Wapi?"

"Mahali pake."

Nilielewa. Mguu mmoja kwangu, mguu mmoja kwenye maji.

Mvua ikashuka mchana wa siku ya pili. Zamani mvua ikipiga yale mabati huwezi kusikia mtu aliye mbele yako. Sasa Mama alikaa kitandani kwake, kichwa kimeinama upande, anasikiliza.

"Mbona inanong'ona?" akauliza.

"Ni bodi, Mama. Zinazuia kelele."

Akasikiliza tena. Kisha akainuka, akapanda ngazi, akaingiza mkono chini ya mkeka wa mbegu, upande huu na upande ule. Akashuka anautazama mkono wake. Ulikuwa mkavu. Akaomba chai.

Asubuhi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa, na yeye hayupo.

Sikuvaa hata viatu. Nilitoka mbio mpaka barabarani na mvua inanipiga, namuuliza kila mtu wa bodaboda. Mmoja akaniambia ndiyo, Mama Teresia amepakiwa alfajiri, kuelekea mtoni. Nikaona yote: uchaga, maji, fito. Nilimlaumu Jasper, nilimlaumu Elvis, nikamlaumu Mungu kidogo. Nikawa napigana na kijana mmoja anipeleke, naye ananionyesha njia ilivyoanza kujaa maji, ananiambia mama, pikipiki haiogelei.

Ndipo bodaboda ikatokea kwenye kona, polepole, matope mpaka kwenye taa. Nyuma ya dereva amekaa mama yangu. Amelowa mpaka mapajani, leso imemganda, na kifuani amekumbatia kile kibuyu kikubwa, amekifunika kwa mfuko wa nailoni. Yeye mvua inamla. Kibuyu kikavu.

"Mama!" Nilipiga kelele mpaka mbuzi wa watu wakakimbia. "Unataka kuniua? Ulikwenda kufanya nini kule?"

Akashuka kwa shida, akanitazama miguu yangu isiyo na viatu, kisha uso wangu.

"Mbona unapiga kelele barabarani?" akasema. "Nilikwenda kuhama."

Nikamshika. Nilimshika yeye na kibuyu pamoja, na sote tukasimama kwenye mvua hiyo watu wakipita. Nilikuwa nalia tena. Mwaka huu nimelia, wacha tu.

Nyumbani hakukubali kubadilisha nguo kwanza. Akapanda ngazi na maji yanamtiririka, mimi chini nimeishika kwa mikono miwili, na alipofika juu nikampandishia kibuyu. Nilisikia akisogeza vile vingine, akipangusa, akizungumza navyo kwa sauti ya chini kwa lugha ya kwetu. Nikamwambia ashuke avae nguo kavu, chai inapoa.

"Ningoje," akasema kutoka juu. "Napanga."